Aliyetoa Kengele

Siku Hubert alipombeba mbwa wangu mgongoni hadi mjini Walikale-centre, mwendo wa saa mbili wa tope na utelezi, nilimwombea baraka zote ninazozijua na nyingine nilizozitunga njiani. Leo nikizikumbuka natamani kumfuata Mungu nimwambie anirudishie.

Hubert ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu Paul. Mbwa anaitwa Waseme, na jina hilo alipewa na Paul. Kwetu, neno usiloweza kumwambia jirani usoni unampa mbwa wako liwe jina lake, halafu unamwita kwa sauti kubwa kila jioni. Wakati ule majirani walisema Paul ananisikiliza mno mimi mkewe, kwamba nyumba yetu inaongozwa na sketi. Paul hakugombana na mtu. Alileta mbwa mdogo, akasimama uani, akaita, "Waseme! Waseme!" mpaka wenyewe wakachoka kusema.

Ni mbwa wa msituni, mwekundu, masikio wima, mkia umejikunja juu ya mgongo. Mbwa wa aina yake hawabweki. Ndiyo maana huvalishwa kengele ya mti shingoni, ili wawindaji wajue yuko wapi anapomfukuza mnyama kuelekea kwenye nyavu. Kila kengele ina sauti yake, na kijiji kizima kinajua hii ni ya mbwa gani na ile ni ya nani. Ya Waseme Paul aliichonga mwenyewe, ina sauti nene, kama mtu anayegonga mlango kwa adabu.

Lakini kengele si ya kusikilizwa tu. Mnyama akiuawa, kichwa ni cha mkuu wa mawindo, kifua ni cha wenye nyavu, na paja moja la nyuma ni la nyumba yenye kengele. Paul alipofariki, miaka mitatu sasa, sikuanza kuomba. Mbwa wake alikwenda na wenzake, kengele shingoni, na paja likaingia mlangoni kwangu kama zamani. Nyumba ya Paul iliendelea kuhesabiwa. Paja hilo ndilo lililomsomesha binti yangu Falone mpaka akamaliza sekondari. Mjane asiye na kengele naye haondoki mikono mitupu, sitasema uongo. Hupewa mbavu mbili kwenye jani, na huambiwa pole. Mimi sikutaka pole ya mtu.

Mwezi wa tatu Waseme aliingia msituni na hakurudi. Siku ya tatu Hubert alimkuta amenaswa kwenye waya wa mtego wa zamani, ambao pengine hata aliyeutega alikwisha kuusahau. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umekufa, mweusi, unanuka. Wanaume wakasema amalizwe, asiteseke. Hubert akakataa. Aliomba kitenge changu, akamfunga mgongoni kama mtoto, tukashika njia. Wenye pikipiki tuliokutana nao walikataa kumpakia mbwa mwenye harufu ile, kwa hiyo Hubert alitembea naye mpaka mwisho.

Jean-Claude, infirmier, yaani muuguzi, wa mifugo, amezoea kuchanja mbuzi; mguu wa mbwa hakuwahi kuukata. Hata hivyo hakutufukuza. Alimpiga sindano ya usingizi, akakata juu kabisa, karibu na nyonga, akieleza kwamba kipande kikibaki kirefu mbwa atakuwa anajigonga nacho. Hubert alishika kichwa cha Waseme muda wote, na machozi yakamtoka. Nilimwona kwa macho yangu. Hilo ndilo linalonivuruga mpaka leo, kwa sababu machozi yale yalikuwa ya kweli.

"Mama Falone," Jean-Claude aliniambia akinawa mikono, "mi nimemaliza kazi yangu, sasa ya kwako njo inaanza. Wiki mbili asikimbie, asiruke, asilambe kidonda. Akifungua nyuzi, usimulete tena huku. Utamuzika kule kule."

Basi nikawa muuguzi. Nilijaza majani makavu ya ndizi kwenye gunia, nikaliweka pembeni ya jiko, nikamlaza hapo. Nilikata bidoni, lile dumu la mafuta, nikamvisha shingoni ili mdomo usifike kwenye nyuzi, naye akawa anajigonga kila mahali na kunitazama kana kwamba ni mimi niliyemtega. Asubuhi na jioni nilichemsha maji, nikatia chumvi, nikayaacha yapoe, nikaosha pembeni ya kidonda kwa kitambaa safi. Vidonge nilivificha kwenye tonge la lituma, ndizi za kupondwa. Alikula lituma, akatema kidonge. Nikakisaga, nikakichanganya na mchuzi wa samaki, akanywa mchuzi wote akalamba na sahani. Mjanja kapata mjanja mwenzake.

Kumtoa nje ndiko kulikonivunja mgongo. Nilipitisha kitenge chini ya tumbo lake nikamshika kwa juu, tukaenda hivyo hadi nyuma ya nyumba, mimi nimeinama, yeye anaruka, majirani wanacheka. Niliwaacha wacheke. Kitu kimoja tu kilinitoa machozi. Sikio la kushoto likimuwasha, nyama ya nyonga ilianza kutikisika haraka haraka. Mguu haupo, lakini ulikuwa bado unajikuna. Alinyoosha shingo, akafumba macho, akangoja raha ambayo haikuja. Nikawa ninaacha chochote nilichokuwa nikifanya, naenda kumkuna mimi.

Hubert alikuja kila siku. Alileta kuni, alileta ndizi, alikaa akamshika Waseme nilipokuwa naosha. Nilimpikia. Nilisema moyoni, Paul hakuniacha peke yangu.

Kengele nilikuwa nimeitundika kwenye kigingi karibu na mlango. Kila ilipoguswa, hata na upepo, masikio ya Waseme yalisimama na miguu mitatu ikaanza kutafuta ardhi. Ningeiziba kengele mdomo kwa majani tu, kama wawindaji wanavyofanya wakiwa bado njiani. Jambo la kijinga namna hiyo, sikulifikiria. Asubuhi ya siku ya sita kuku aliruka kutoka dirishani, akaipiga kwa bawa, ikaanguka na kulia sana. Waseme akaruka. Aliruka kweli, kama mbwa mwenye miguu yote, akaangukia upande usio na mguu. Nyuzi tatu zikafumuka na damu ikajaa guniani.

Nilikuwa nimepiga magoti, nimekandamiza kidonda kwa kitambaa, mikono myekundu mpaka viwiko, Hubert alipoingia. Nyuma yake alikuwepo Papa Sébastien, mkuu wa mawindo, ambaye tangu mbwa aumie hakuwa amekanyaga kwangu. Nilidhani amekuja kunipa pole.

Hubert aliiokota kengele. Akanitazama, akamtazama mbwa.

"Shemeji, hii kengele itamuua. Unaona? Kila akiisikia anazani ni kazi. Mi niichukue?"

"Ichukue!" nilipiga kelele. "Ichukue, sitaki kuisikia tena humu ndani!"

Alinirudishia mkononi. Nakumbuka vizuri. Alikuwa ameishika tayari, lakini alinirudishia, akasema kwa sauti ya chini, "Nipe wewe mwenyewe, Shemeji." Nami nikampa, kwa mkono wangu, na damu ya mbwa juu yake. Papa Sébastien alivua kofia, akakohoa.

Msinicheke. Mimi ni mke wa mwindaji, nilizaliwa kwa mwindaji. Ninajua, na watoto wa hapa wanajua, kwamba kengele ikitolewa kwa mkono wa mwenye nyumba mbele ya mkuu wa mawindo, nyumba hiyo imeshusha mbwa wake. Imejitoa, na aliyepokea ndiye anayehesabiwa. Nilijua jambo hilo kama ninavyojua jina langu, Geneviève. Lakini saa ile sikuwa nyumba ya mtu. Nilikuwa mwanamke aliyeziba damu kwa kitambaa, na mbele yangu nilimwona shemeji, sikumwona mwindaji. Yeye aliniona vyote viwili, mwanamke na nyumba.

Na bado alikimbia Walikale-centre kumwita Jean-Claude, akarudi naye kwa pikipiki. Waseme akashonwa upya, nami nikamshukuru Hubert mara ya pili kwa siku moja.

Kidonda kilifunga. Nyuzi zikatolewa, bidoni likatupwa, manyoya yakaanza kuota juu ya kovu. Waseme alijifunza kuweka mguu wa nyuma uliobaki katikati, chini ya tumbo, akawa anasimama bila kuyumba. Wiki ya tano alikuwa anafukuza kuku wa watu, na mimi naomba msamaha huku nacheka. Paja halikuwa likija, lakini sikushangaa, maana mbwa mgonjwa hana paja. Nilimuuliza Hubert habari za kengele, akanijibu, "Iko salama kwangu, usiogope." Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini?

Kisha, asubuhi moja, niliisikia kutoka ng'ambo ya mto. Ile sauti nene, ya kugonga mlango. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nikaacha mchi hewani. Waseme alikuwa amekwisha kusimama. Niliita jina lake mara mbili, lakini aliruka ua wa matete kwa miguu mitatu akaenda.

Siku nzima niliwaza mabaya. Jua lilipoanza kuinama nikasikia wawindaji wanarudi wakiimba, nikachukua beseni nikaenda uani kwa Papa Sébastien, kama nilivyokwenda miaka yote. Walikuwa wameua paa wawili. Vijana walinipokea kwa vicheko vya furaha.

"Mama Falone, ule mbwa yako ni shetani! Miguu tatu, na ni yeye njo alitoa paa ya kwanza mu kichaka! Wengine walipita, hawakuona kintu!"

Sitaficha: kifua kilinijaa. Mikono yangu ndiyo iliyomsimamisha yule. Nikaweka beseni chini mbele ya nyama, nikangoja. Hapo ndipo nilipomwona mbwa mdogo mweupe amelala karibu na Hubert, ulimi nje, na shingoni amevaa kengele ya Paul.

Papa Sébastien aligawa. Kichwa, kifua, mabega. Alipofika kwenye paja akaliweka mbele ya Hubert.

"Papa Sébastien," nikasema, "hiyo ni ya nyumba yangu."

"Mama Falone." Hakunitazama. "Wewe mwenyewe ulitoa kengele. Mi nilikuwa pale."

"Nilimupatia achunge! Mbwa alikuwa anakufa!"

"Ulisema, ichukue, sitaki kuisikia tena. Ni maneno yako ao si yako?"

Yalikuwa yangu. Kila neno. Nikamgeukia Hubert. Alikuwa anachora ardhini kwa ncha ya panga, mtu mzima na ndevu zake.

"Hubert, sema. Sema mbele ya hawa watu kama nilikupa kengele iwe yako."

"Shemeji," alisema, "mbwa wa miguu tatu hawezi beba nyumba. Mi niko nabeba nyavu ya watu tangu utoto. Hiyo kengele ni ya kaka yangu. Siyo ya muntu wa mbali."

"Siku ile ulikuja na Papa Sébastien. Ulimuleta ya nini?"

Hubert aliendelea kuchora ardhini. Aliyejibu ni Papa Sébastien, na nadhani alijibu kwa sababu alitaka kujisafisha. "Alikuja kunitwala asubuhi. Alisema, Mama Falone anataka kushusha mbwa, kuya uone na macho yako."

Asubuhi. Kabla kuku hajaruka, kabla nyuzi hazijafumuka, kabla mimi sijawaza wala kutamka. Alikuwa amekwisha kumwambia mkuu wa mawindo nitakachofanya, akaja naye mpaka mlangoni kwangu kukingoja. Kuku alimrahisishia kazi tu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na husema kwa urahisi kwa sababu hawajavaa nguo hiyo.

Mtu mmoja aliweka mbavu mbili kwenye jani, akaliingiza kwenye beseni langu. "Pole, Mama," akasema. Nilitaka kulimwaga. Sikulimwaga.

"Waseme!" niliita. "Waseme, twende!"

Alikuwa miguuni pa Hubert, bega kwa bega na yule mbwa mweupe, wanagawana utumbo. Aliinua kichwa akanitazama. Akatikisa mkia mara moja. Kisha akaendelea kula.

Nimezika mume. Nimekimbia vita mara mbili na godoro kichwani. Lakini uani pale, mbele ya watu wale, ndipo nilipojiona mtu asiye na mtu.

Alirudi kwangu giza likianza kuingia. Miiba ilikuwa imemchana kovu, linatoka damu. Akapita mbele yangu, akajilaza kwenye gunia lake, akanyoosha upande wenye kidonda, akangoja maji ya chumvi.

"Nenda kwa Hubert akuoshe," nikamwambia. Hakuondoka. Nikamwosha, kwa hasira, nikimtukana yeye na ukoo mzima wa Paul, na yeye akalala usingizi katikati ya matusi.

Ikawa hivyo. Kengele ikilia, anaruka ua. Jua likiinama, anarudi ananuka damu. Nilimfunga kamba, akalia kutwa nzima kwa ile sauti ya mbwa wetu inayofanana na mtoto aliyefiwa, mpaka nikaifungua mwenyewe. Akawinda kwa Hubert, akaugulia kwangu. Paja liliingia mlango mwingine na mimi nilichemsha maji. Nilivumilia siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu sikuvumilia.

Nilichukua sufuria, chumvi, kitambaa, gunia, nikamfunga Waseme kamba, nikaenda kwa Hubert. Ilikuwa asubuhi, wawindaji wote wako uani kwake wanakunja nyavu. Nikavimwaga vile vitu miguuni pake.

"Uliitwala kengele, itwale na kidonda," nikamwambia. "Asubuhi na jioni. Maji ichemke, ipoe, chumvi kidogo. Sikio ya kushoto unamukuna wewe, yeye hawezi. Mi nimemaliza."

Hakuna aliyecheka. Hubert alishika kamba kwa sababu niliiweka mkononi mwake, na wanaume wote wale walitazama nyavu zao kana kwamba hawajawahi kuziona. Nikageuka, nikaondoka nimenyoosha shingo. Nilijisikia vizuri, ninyi msidhani nilijisikia vibaya. Nilijisikia vizuri kwa mwendo wa kutoka pale hadi kijitoni.

Kijitoni nikamsikia. Hakuwa analilia kengele. Kengele ilikuwa pale pale karibu naye, shingoni mwa mbwa mweupe, na bado alilia, akivuta kamba kuelekea njia niliyopita mimi. Nilisimama majini.

Hubert alinisaliti akijua. Sébastien alinisaliti akikohoa. Lakini huyu, alinifanyia nini? Alisikia kazi akaenda kazini, kama alivyofundishwa na mume wangu. Kila jioni alirudi kwa mtu aliyemwamini na kumpa kidonda chake. Na mtu huyo amemfunga kamba, amempeleka mbele ya watu, amemtupa pamoja na sufuria, ili aonekane ana heshima. Nilikuwa nimewakasirikia wakubwa, nikamlipiza asiyeweza kunijibu. Niliona aibu ambayo Hubert sijui kama amewahi kuiona.

Nikarudi. Nyavu zilikuwa bado chini, hakuna aliyeondoka. Hubert alikuwa amechuchumaa, kitambaa kikavu mkononi.

"Shemeji, mi sijue kumuosha," alisema. Alisema polepole, na kwa dakika hiyo alifanana na Paul.

Sikuomba kengele, sikuomba paja, na hadi leo paja huenda kwake. Nilifungua fundo, nikaokota gunia na sufuria, nikasema, "Twende."

Waseme alinusa mkono wangu, kisha akarudi nyuma. Nilipoanza kutembea alikuja, lakini hakuja kwenye goti langu kama siku zote. Alibaki hatua kumi nyuma, anaruka ruka kwenye tope. Nilisimama nimngoje. Akasimama. Nikaita jina lake kwa upole, akanitazama tu, akiwa ameinamisha masikio. Tulikwenda hivyo mpaka nyumbani, na kila niliposimama, naye alisimama.